Mchina wa Brooklyn: riwaya inayoiwazia Marekani chini ya ujamaa wa Kichina

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome kesho akiwa ametulia.

Wiki hii nimemaliza kwa mara ya tatu riwaya iitwayo China Mountain Zhang, ya Mmarekani Maureen F. McHugh. Ilitoka mwaka 1992, ikiwa riwaya yake ya kwanza, na ikapata tuzo mbili za hadithi za kubuni za kisayansi: ya Tiptree, na ya Locus kwa riwaya za mara ya kwanza. Humu jukwaani sijaona mtu akiizungumzia, na hilo linaniuma, maana naamini sisi tunaweza kuisoma vizuri kuliko hao waliokusudiwa. Nitaeleza kwa nini. Nitafichua mengi ya hadithi, kwa hiyo asiyependa kujua mwisho aishie hapa.

Ni karne ya 22. China ndiyo dola kuu ya dunia. Marekani ilifilisika, ikapinduka, ikawa nchi ya kijamaa kwa mfano wa China, kisha ikapita katika kampeni ya kutakasa watu inayoitwa Pepo Kuu za Utakaso. Ukisikia hivyo unangoja damu na mizinga. Haipo. Hadithi inaanza pepo zikiwa zimeshatulia miaka mingi, zimebaki kwenye kumbukumbu za wazee na kwenye namna watu wanavyochagua maneno. Asubuhi watu wanakwenda kazini.

Zhang ni fundi wa ujenzi Brooklyn, New York. Si mwanasiasa, si mpinzani, si jasusi. Siku moja fomeni wake, Mchina aitwaye Qian, anamkaribisha chakula nyumbani. Kumbe mzee ana binti, San-xiang, ambaye mifupa ya uso wake haikukaa sawa tangu kuzaliwa, na anatafuta mkwe. Ahadi iliyo mezani ni kwamba mkwe atasaidiwa kupata nafasi ya kusoma China. Pale saiti, kusoma China ni kama mlango wa peponi.

Sasa Zhang ana siri mbili. Ya kwanza, yeye si Mchina kamili. Baba ni Mchina, mama ni wa asili ya Kihispania, na jina lake jingine ni Rafael. Wazazi wake walilipia vinasaba vyake vichezewe kabla hajazaliwa ili sura itoke ya Kichina, kwa sababu sura hiyo hufungua milango. Ya pili, anapenda wanaume, na katika dunia hiyo jambo hilo nchini China linaweza kukugharimu maisha. Kwa hiyo anakaa mezani kwa fomeni, anakula, anajibu kwa adabu, na ndani anahesabu kila neno.

Nilipofika kwenye ukurasa ule mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilikumbuka nyumbani.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Morogoro. Ndio ulikuwa wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yaani watu waliodaiwa kuficha bidhaa na kuzilangua. Mama alikuwa na kibanda cha biashara, na ndani kulikuwa na katoni tatu za sabuni ya mche alizonunua kihalali kabisa, ila risiti hakuwa nayo. Usiku mmoja niliamshwa nikashike kibatari. Bibi na baba walikuwa wanachimba nyuma ya jiko. Kila mche ulizungushiwa karatasi ya gazeti, ukapangwa shimoni kama matofali, juu wakarudisha udongo, juu ya udongo wakaburuta kinu. Nikaambiwa shuleni nisitamke neno sabuni. Asubuhi yake balozi wetu wa nyumba kumi, mjumbe wa chama pale mtaani, akaja kunywa kahawa kama kawaida yake. Alikitazama kile kinu, ambacho hakijawahi kukaa pale, akatazama udongo mbichi pembeni. Akamaliza kahawa yake, akaniuliza nimefikia darasa la ngapi, akaaga. Hakusema kitu, siku ile wala siku nyingine yoyote. Tulipozifukua miezi baadaye sabuni zilikuwa zimelainika kama ugali na siafu wamejaa.

Yule balozi ndiye niliyemkuta ndani ya riwaya hii. Si yeye mwenyewe, bali watu wa namna yake, watu walio ndani ya mfumo, wenye vyeo vidogo vya mfumo, wanaoamua kutazama kinu na kunyamaza. Waandishi wengi wakiwaza ukomunisti wa kesho wanatupa shujaa anayeamka usingizini, anagundua uongo, anapambana na serikali, anashinda au anapondwa. McHugh hakutupa hivyo. Kwake hakuna anayeiangusha serikali, wala hakuna anayejaribu kwa dhati. Mfumo uko pale kama mvua na jua. Watu wanauliza watalima nini, watalala wapi, watampenda nani bila kufa.

Nitaendelea na safari ya Zhang kwenye chapisho linalofuata.

Kibatari

Naendelea.

Mambo ya mkwe yanaharibika, Zhang anabaki bila kazi. Anachukua kibarua ambacho hakuna anayekitaka, kutunza mitambo kwenye kituo cha utafiti kisiwani Baffin, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako majira ya baridi jua halichomozi. Sura hii imeandikwa vizuri hadi inachosha mwili. Giza linamwingia mtu kichwani taratibu, siku zinapoteza mipaka, anaacha kujijali. Lakini kuvumilia pale ndiko kunakompa sifa ya kwenda kusoma. Wenzangu mliowahi kupangiwa mikoa ya mbali kazini ili baadaye mfikiriwe masomo mtaielewa sura hii kuliko Mmarekani yeyote.

Hatimaye anafika Chuo Kikuu cha Nanjing. Hapo sasa ndipo kitabu kilipogeuza dunia yangu. Mmarekani anafika China akiwa na sanduku lake, lugha anaizungumza lakini kwa lafudhi ya ng'ambo, anashangaa majengo, anashangaa usafi, anaona aibu kwa nguo zake. Katika dunia ile kuna daraja: raia wa China wako juu, Wachina waliozaliwa ng'ambo wanafuata, wengine wote chini. Zhang anapita kama wa daraja la pili kwa sura aliyonunuliwa na wazazi. Niambieni, nani kati yetu hajui mwana wa jirani aliyekwenda kusoma nje na kurudi akieleza hayohayo? Kwa Mmarekani wa 1992 hilo lilikuwa wazo geni, kujiona yeye ndiye mtu wa pembezoni anayeomba nafasi. Kwetu ni barua ya jana.

Huko China anasomea uhandisi wa namna mpya. Mhandisi huunganishwa moja kwa moja na mfumo wa kompyuta na kuchora jengo kwa fikra, jengo likue kama mti unavyokua. Zhang hawezi. Yeye ni fundi, amezoea kushika kitu, kukipima, kukikata. Anajaribu kulibeba jengo zima kichwani kwa nguvu na kila mara linamporomokea. Kila mtu aliyejifunza ufundi anaujua wakati ule: mkono unakataa, mwalimu anasema legeza, wewe unazidi kukaza. Siku anapolegeza, nyumba inakuja. McHugh ameandika kurasa hizo kama mtu aliyewahi kusimama karibu na mafundi na kuwatazama vidole.

Lakini Nanjing pia yuko Haitao, mwalimu wake wa ziada, ambaye wanapendana. Maisha yao ni ya kuviziavizia. Polisi wanapoanza kuwakamata watu wa mduara wao, Haitao anajiua. Hakuna hotuba pale, hakuna muziki. Zhang inambidi aendelee na masomo na asimwambie mtu analia nini. Mara zote tatu sura hiyo imenipiga palepale.

Mwana_wa_Reli

Mkuu Kibatari, andiko zuri, lakini niulize bila kukuvunjia heshima. Hii si ndiyo ileile kampeni ya Wamarekani kuichafua China? Mchina ametujengea reli wakati Benki ya Dunia imekataa. Marehemu mzee wangu alifanya kazi TAZARA tangu inajengwa, na kule Gongo la Mboto yako makaburi ya Wachina waliofia kazi hiyo. Tusiwe wepesi kumeza hadithi za wakubwa wanaogombana.

Kibatari

Mkuu Mwana_wa_Reli, swali lako ni la haki na mzee wako nampa heshima zote. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi si mchezo, na waliolala Gongo la Mboto walikufa wakitufanyia kazi sisi.

Nikujibu hivi. Huyu mama McHugh kabla ya kuandika aliishi mwaka mzima Shijiazhuang, mkoa wa Hebei, akifundisha. Alikula na watu, alipanga foleni nao. Ndiyo maana China ya kitabuni si jehanamu. Ndiyo nchi nzuri kuliko zote humo, ndiyo yenye vyuo, yenye kazi, yenye majengo yanayopumua. Marekani ndiyo imechakaa. Na wale Wachina ndani yake ni watu kamili: fomeni Qian ni baba anayehangaikia mtoto, si shetani. Katika hofu yote ya wakati ule, kusema kwamba mtu anaweza kuishi chini ya ukomunisti, akafanya kazi, akapenda, akachoka, akacheka, lilikuwa jambo zito kwa Mmarekani kuliandika. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umevunjika Desemba 1991, miezi michache tu kabla kitabu hakijatoka. Wenzake walikuwa wanashangilia kwamba ujamaa umezikwa.

Halafu jambo moja la jina. Zhang anaitwa Zhongshan. Zhong ni kati, ndilo neno linaloanzia jina la China kwa Kichina, na shan ni mlima. Ni jina la Sun Yat-sen, aliyeasisi jamhuri mwaka 1912, ambaye Wachina humwita Sun Zhongshan. Na ile suti yenye mifuko minne na kola iliyofungwa hadi shingoni, iliyopendwa sana na wazee wetu wa TANU, Wachina huiita suti ya Zhongshan. Kumwita mtoto hivyo ni kumvika suti ya chama kabla hajajua kutembea. Zhang mwenyewe jina linamwelemea.

Mlamwali wa Wuhan

Kaka Kibatari, nimesoma Wuhan miaka mitano, niruhusu niongeze.

Hilo la madaraja lipo, ila lina sura yake. Sisi wageni tulikuwa na bweni letu, wenyeji lao, na mlangoni kwetu palikuwa na daftari la kuandikisha kila anayeingia. Nje ya chuo mtoto akikuona anaita kwa sauti, mgeni, mgeni! Mwanzoni inakuumiza, baadaye unazoea, halafu siku moja unajikuta na wewe unamwona mgeni mpya na kuwaza vilevile.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni mama aliyekuwa akiuza tambi nje ya geti. Alitoka kijijini Henan. Amekaa Wuhan miaka kumi na mitatu lakini hakuwa na hukou ya Wuhan, yaani ule uandikishaji wa kaya uliowekwa kisheria mwaka 1958 unaomfunga mtu na alikozaliwa. Kwa hiyo mwanawe alisoma kijijini kwa bibi, wakaonana wakati wa mwaka mpya tu. Nilimuuliza kama anaichukia serikali. Aliniangalia kama niliyemuuliza kama anauchukia Mto Yangtze. Akaniambia mchuzi unapoa. Ulivyoandika mfumo uko kama mvua na jua, nilimwona yeye palepale.

Kibatari

Dada Mlamwali, umenipa mfano ambao sikuwa nao. Asante sana.

Umenikumbusha mwisho wa kitabu. Zhang anarudi New York na shahada yake, anatakiwa kuzungumza mbele ya wanafunzi juu ya Umarx. Anawaambia kwamba Marx aliitazama historia kama mashine, ukijua gurudumu hili linakozungukia utajua na lile. Lakini historia, anasema, inafanana zaidi na hali ya hewa. Ina kanuni zake, lakini kitu kidogo sana huku kinageuza mambo makubwa kule, na hakuna awezaye kutabiri mbali. Mama yako wa tambi alishalijua hilo bila shahada.

Sheikh_Kalamu

Mimi nakuheshimu sana mwanzisha uzi, ila hapo kwa mhusika mkuu umenipoteza. Kwa nini lazima awe wa tabia hiyo? Hadithi ingeweza kusimama bila hilo, na sisi tuna dini na mila zetu.

Kibatari

Sheikh, naelewa unakotoka, wala sikuombi ubadili imani yako. Lakini kwa kitabu hiki jibu langu ni hapana, hakisimami.

Ukiliondoa hilo, Zhang anakuwa kijana mwenye akili anayepanda ngazi, anaoa binti wa fomeni, anafika China, amefaulu. Mfumo unamfaa. Ni kile asichoweza kukifuta ndani yake kinachotuonyesha mfumo unaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Wala mwandishi hakuzua hofu ile. Nchini China kulikuwa na kosa la uhuni katika sheria ya jinai, lililotumika kuwakamata watu kama Haitao, na liliondolewa mwaka 1997, miaka mitano baada ya riwaya kutoka. Na kuna neno la Kichina tongzhi, maana yake mwenye nia moja nawe. Chama kililitumia kama TANU walivyotumia ndugu: ndugu mwenyekiti, ndugu katibu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa kutokea Hong Kong, watu wa aina ya Haitao walilichukua neno hilohilo wakaanza kujiita hivyo wao kwa wao. Mtu aliyefukuzwa kwenye undugu akaokota neno la undugu. Mimi jambo hilo linanigusa moyo, Sheikh, na naamini hata wewe ukimsoma Haitao usiku ule wa mwisho utamwona kwanza mtu.

Mwl_Songea

Kibatari, ilitabiri sawasawa?

Kibatari

Mwalimu, hapana, na sidhani ilikusudia. Mwaka uleule 1992 Deng Xiaoping, kiongozi wa China wa wakati huo, alizunguka kusini, Shenzhen na kwingineko, kuhimiza soko. Kuponi za nafaka zikafutwa 1993. China ikapanda kwa viwanda na biashara, si kwa kusambaza mapinduzi. China aliyoiona McHugh kwa macho, ya kuponi na kitengo cha kazi kinachokupa nyumba na ruhusa ya kuoa, ilikuwa inayeyuka wakati anaiandika. Kilichobaki sahihi ni mambo madogo: faili lako linalokutangulia kila uendako, na kujuana kunakopita sifa.

Mwisho wa Zhang pia ni mdogo hivyo. Amerudi na ujuzi ambao New York nzima hawana, lakini kila ofisi ina sababu ya kumzungusha. Kwa hiyo anaamua kufanya kazi zake mwenyewe, achore majengo kwa jina lake, apate riziki kiasi. Hajikomboi, wala hakuna anayempigia makofi. Anajitegemea. Neno hilo sisi tulipewa mwaka 1967 kwenye Azimio la Arusha kama sera ya taifa zima, tukaliimba mchakamchaka. Humu kitabuni nimelikuta likiwa na ukubwa wa mtu mmoja na mikono yake miwili, na nimelielewa upya nikiwa na umri huu.

San-xiang simsahau, ila sitamweleza hapa. Anapata upasuaji, anapata uso mzuri, na yanayomfika baada ya hapo yanataka msomaji ayafikie mwenyewe, polepole. Ukiwa na binti nyumbani jiandae.

Mlamwali wa Wuhan

Kaka, nimekipata kwa simu ya rafiki. Nianzie sura ipi kama muda ni mchache?

Kibatari

Dada, anzia sura ya Martine. Sikuigusa kabisa juu na ndiyo naipenda kuliko zote.

Martine ni mwanajeshi mstaafu anayeishi kwenye kijiji cha ushirika sayari ya Mars. Anafuga mbuzi na nyuki. Chini ya ardhi nyekundu, ndani ya mahandaki, ana mbuzi na nyuki, na anakwenda mikutano ya kijiji kubishana juu ya maji na hewa kama tulivyobishana sisi juu ya zamu za shamba la kijiji. Anafika mtu aitwaye Alexi, aliyehamishiwa huko na serikali, ana binti mdogo anayemlea peke yake. Wakubwa wanataka kumhamisha tena, wampeleke kwenye mradi wa maji, na mtoto ndiyo kwanza ameanza kuzoea mahali. Martine hamjui sana yule bwana. Anafikiri. Kisha anamwambia waoane, kwa sababu mume wa mwanakijiji hahamishwi.

Usome pale anapomwambia. Hakuna neno la mapenzi hata moja, na mbuzi bado hawajakamuliwa.